Mzazi Mhamiaji Naye Aende Shule

Katika sebule za Waswahili waliohamia Marekani, wawe Wakongo wa Lexington, Wakenya wa Dallas au Watanzania wa Houston, kuna kauli ambayo haipingwi na mtu: "Sisi umri umekwenda, tumekuja huku kwa ajili ya watoto." Anayeisema huonekana mzazi wa kupigiwa mfano. Usiku huohuo atavaa sare, ataingia shifti ya saa tano kwenye nyumba ya kutunzia wazee, atatoka saa moja asubuhi, atawahisha watoto kwenye basi la shule, atalala saa chache, kisha ataanza upya. Miaka kumi na miwili baadaye mtoto wa kwanza amevaa joho la chuo, picha zimejaa kwenye WhatsApp, pongezi zinamiminika. Mzazi bado yuko kwenye shifti ya saa tano, ila sasa na mgongo unamuuma.

Kauli hiyo ina heshima yake, lakini ni ushauri mbaya. Mzazi anayejitoa darasani ili watoto wasome hawaongezei watoto nafasi. Mara nyingi huwaongezea mzigo. Na jamii inayompigia makofi kwa kujinyima, bila kumuuliza mbona yeye hasomi, inachangia kumbakiza palepale.

Hoja yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka 1964, Mwalimu Julius Nyerere alipowasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alisisitiza kwamba taifa lianze kwa kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa ingechukua miaka mingi kabla elimu ya watoto haijaleta tija. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka huo hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Kenya nayo ilikuwa na madarasa yake ya ngumbaru, na mwaka 2004 ilimshuhudia Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, akiingia darasa la kwanza mjini Eldoret amevaa kaptula na soksi ndefu kama wenzake wa miaka sita. Wana na wajukuu wa watu hao ndio wanaofika Ohio na miaka 36 mgongoni, wakajitangaza wazee.

Tuseme kweli, nchi inayowapokea nayo haiwarahisishii. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na mtoto aliyezaliwa humo wakati ule leo ana watoto wake. Amesoma shule za kambini kwa mtaala wa Kongo, tofauti na mwenzake wa Kakuma aliyesoma kwa mtaala wa Kenya. Hakuruhusiwa kufanya kazi nje ya kambi. Familia ilipopata bahati ya kupelekwa Marekani, kabla mpango huo wa wakimbizi haujasimamishwa Januari 2025, iliondoka na deni mkononi, maana tiketi za ndege ni mkopo. Hauna riba, lakini hulipwa, na familia ya watu saba ina tiketi saba. Huduma za mapokezi zilipangwa kwa siku 90. Ndani ya miezi hiyo mitatu mtu alitakiwa awe na nyumba, watoto wawe shule, na yeye mwenyewe awe kazini. Hapo ndipo baba anapoingia kwenye kiwanda cha nyama na mama kwenye usafi wa hoteli, na neno "shule" linasukumwa hadi mambo yatakapotulia.

Mambo hayatulii. Anayengoja utulivu ndipo asome anangoja kitu ambacho maisha ya mhamiaji hayana.

Walio wepesi hujiandikisha kozi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Sheria ya shirikisho inadai mafunzo ya saa 75 tu kwa uchache, ingawa majimbo mengi huongeza. Ndani ya wiki kadhaa mtu hujifunza kumgeuza mgonjwa kitandani, kupima mapigo ya moyo, kutandika shuka huku mgonjwa amelala juu yake. Siku ya mtihani wa vitendo msimamizi humtazama hata anavyonawa mikono: sabuni, vidole, kucha, kufunga bomba bila kuligusa kwa mkono uliokwisha safishwa. Wengi walioangushwa na mtihani huo hawakuangushwa na akili, bali na mazoea ya nyumbani.

Kozi hiyo ni nzuri, na hakuna sababu ya kuidharau kazi inayolisha maelfu ya familia kutoka Kisii hadi Uvira. Kasoro ni kwamba ilikusudiwa iwe kituo, watu wakashuka na mizigo yao yote. Kutoka CNA mtu anaweza kusoma takriban mwaka mmoja akawa muuguzi wa leseni ya awali, LPN. Akisoma stashahada ya miaka miwili kwenye chuo cha jamii, pamoja na masomo ya maandalizi kama anatomia, huruhusiwa kufanya mtihani wa NCLEX na kuwa muuguzi kamili. Mtihani wenyewe ni wa ajabu. Kompyuta humchagulia mtahiniwa swali linalofuata kwa kuangalia alivyojibu yaliyotangulia. Maswali huanzia 85, hayazidi 150, na muda ni saa tano. Kompyuta ikiisha kujiridhisha kwamba amefaulu au amefeli, hukata. Ndiyo maana wauguzi wetu wakikutana kwenye sherehe husimuliana walivyoona skrini ikizima baada ya swali la 85, moyo ukaruka, na usiku wa kusubiri matokeo ulivyokuwa mrefu.

Wapo ambao hawafiki hata kwenye mlango wa chuo kwa sababu hawakumaliza sekondari. Kwao kuna GED, mtihani ulioanzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari wa Marekani walioacha shule kwenda vitani. Una masomo manne: hisabati, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, na alama ya kufaulu ni 145 kwa kila somo. Haufanywi kwa Kiswahili. Ni Kiingereza au Kihispania. Kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa na Kiswahili, somo la lugha ndilo mlima, na madarasa ya bure ya Kiingereza kwenye maktaba na vyuo vya jamii ndiyo mahali pa kuanzia. Lakini mwenye cheti cha KCSE cha Kenya, cha kidato cha nne cha Tanzania au diploma ya serikali ya Kongo asikimbilie GED kabla cheti chake hakijatathminiwa, kwa kuwa mara nyingi hutambuliwa kuwa sawa na sekondari ya kule. Ni hasara kutumia mwaka mzima kutafuta kitu ambacho kiko kwenye begi chini ya kitanda.

Turudi kwenye mzigo wa watoto, maana hapo ndipo kauli ya "kwa ajili ya watoto" inapojikanganya.

Mtoto wa miaka tisa hukishika Kiingereza ndani ya muda mfupi wa shule. Mama yake anayefanya kazi usiku na watu wasioongea naye hakishiki. Basi mtoto anageuka mkalimani wa nyumba: anasoma barua ya mwenye nyumba, anapiga simu ya umeme, anakwenda na mama hospitalini na kumweleza daktari maumivu ambayo mtoto hakupaswa kuyajua. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu anazungumza dakika mbili nzima, amekunja uso, na kijana anatafsiri kwa sentensi moja: "Anasema ninaendelea vizuri." Watu husimulia kisa hicho na kucheka, lakini kimekwisha kuonyesha nani sasa ndiye mkubwa wa nyumba. Miaka mitano baadaye, kijana yuleyule anapoambiwa arudi nyumbani mapema, huwa amezoea kwamba mzazi ni mtu wa kuelezwa mambo.

Sheria za Marekani ziko upande wa mzazi, na wengi hawajui. Hospitali zinazopokea fedha za shirikisho zinatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na kanuni za sheria ya afya ya mwaka 2010 zinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura. Shule za umma nazo, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, zinawajibika kumpa mzazi taarifa kwa lugha anayoielewa. Mzazi aseme tu: nataka mkalimani wa Kiswahili. Asimame na neno hilo hata akiangaliwa vibaya mapokezini.

Hata hivyo mkalimani wa simu hatamsaidia mzazi kuelewa kwa nini binti yake amewekwa kwenye darasa la hisabati la chini, wala ni lini fomu za chuo hufungwa. Hayo huyajua aliyepita njia hiyo mwenyewe. Mama aliyejaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa shirikisho, kwa ajili yake atamjazia mwanawe bila kubahatisha. Baba aliyewahi kufeli aljebra kwenye chuo cha jamii akairudia hatamwita mwanawe mjinga kwa alama ya D. Watoto wanapokuta mzazi naye ana kitabu mezani saa mbili usiku, kelele za "nenda kasome" hupungua nguvu kwa kuwa hazihitajiki sana. Na mzazi huyo hatakuwa peke yake chuoni: takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano wanaosoma hadi shahada ya kwanza nchini Marekani ni mzazi. Anayeogopa kukaa na vijana wa miaka kumi na minane atashangaa kukuta kiti cha pembeni kimekaliwa na bibi.

Kisingizio kikubwa ni fedha, na hapa uvumi umeharibu mengi. Wapo wanaoamini kila msaada wa masomo Marekani ni mkopo utakaowafuata hadi kaburini. Si kweli. Pell Grant ni ruzuku, hailipwi. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, fedha ambazo kwenye vyuo vingi vya jamii hulipa ada na kubakiza za vitabu. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye green card wamekuwa wakistahili kuiomba, na mzazi anayelea watoto huhesabiwa kwa kipato cha nyumba yake, si cha wazazi wake. Waislamu wa Pwani wanaoikwepa mikopo ya wanafunzi kwa sababu ya riba hawana cha kukwepa hapo, kwa kuwa hakuna mkopo. Kuna mipaka, na ni vyema kuijua mapema. Ruzuku hiyo ina kikomo cha muhula wa kumi na mbili. Mwenye shahada ya kwanza hapati, hata kama ameisomea Nairobi au Dodoma. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi naye hapati msaada wa shirikisho, na hana budi kutafuta misaada ya jimbo au ya chuo chenyewe.

Wenye shahada tayari wana kilio chao. Mwalimu wa fizikia aliyefundisha miaka kumi na tano anafika na kuambiwa vyeti vyake havieleweki. Baba yake mbunge Ilhan Omar, Nur Omar Mohamed, alikuwa mkufunzi wa walimu nchini Somalia. Baada ya miaka ya ukimbizi katika kambi ya Utange, karibu na Mombasa, alifika Marekani mwaka 1995 na akawa dereva wa teksi, kisha mfanyakazi wa posta. Alilea watoto kwa heshima na hakuna aibu katika teksi. Ila Marekani ilipata dereva mmoja na kukosa mkufunzi mmoja. Binti yake alimaliza shahada katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota mwaka 2011 akiwa tayari mama wa watoto wawili, na mwaka 2018 akachaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Watu watabishana juu ya siasa zake hadi kesho. Kwamba alisoma huku analea, hilo halina ubishi.

Na wanaume ndio wagumu zaidi. Mtu aliyekuwa mhasibu au mkuu wa shule kwao huona afadhali aendeshe lori maisha yake yote kuliko kukaa darasa la Kiingereza na kusahihishwa matamshi na mwalimu wa miaka 25. Mke anakwenda, anapata leseni ya uuguzi, mshahara wake unaupita wa mume, na nyumba inaanza kutikisika. Kisha vikao vya wanaume vinalaumu Marekani kwamba inaharibu wanawake. Lawama hiyo haina msingi. Darasa lilikuwa wazi kwa wote wawili.

Serikali zinaweza kupanga vizuri zaidi. Nchini Norway, ambako wapo Wakongo waliopelekwa kutoka Uganda, sheria ya mwaka 2003 ilianzisha programu ya utangulizi kwa wakimbizi, na tangu mwaka 2004 manispaa zimekuwa na wajibu wa kuitoa. Mkimbizi mtu mzima husoma Kinorwe na mambo ya nchi kwa muda wote, kama kazi, na hulipwa posho akiwa darasani. Asiyehudhuria bila sababu hukatwa. Wapo wanaomaliza na bado wakaangukia kazi za usafi, kwa hiyo isidhaniwe ni pepo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya nchi inayomlipa mtu asome na nchi iliyompa siku 90. Uingereza imekwenda upande mwingine kabisa: tangu Januari 2024, wanafunzi wapya wa kigeni wa shahada za uzamili za kufundishwa hawaruhusiwi kuja na wenza wala watoto. Mama wa Mwanza au Kisumu anayetaka shahada hiyo huko sasa huchagua kati ya kusoma na kuwaona wanawe kwa kioo cha simu.

Hizo ni sera za watu wengine. Kuna sera ya kwetu, nayo ni ya mifuko.

Mwaka 1959 Tom Mboya alipoandaa ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 kwenda Marekani, watu walichanga. Vyuo vya kule vilitoa nafasi za masomo, watu maarufu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakasaidia kuomba nauli, na vijijini Kenya jamaa wakakusanya walichokuwa nacho. Mwaka uliofuata Wangari Maathai aliondoka kwa mpango huo kwenda Kansas. Harambee ya masomo ilieleweka kwa kila mtu: kijana anapelekwa, anasindikizwa, anaombewa. Lakini Wangari huyohuyo alipata udaktari wake wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, akiwa tayari mke na mama, na safari hiyo ya pili haisimuliwi nusu ya ile ya kwanza. Hata leo, mama wa miaka 42 aliyeko Ohio akisema ameingia chuo cha uuguzi hachangiwi na mtu. Anachoulizwa ni kwa nini mwezi huu hajatuma.

Kenya ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake walio ng'ambo mwaka 2024, na sehemu kubwa ilitoka Marekani. Fedha hizo zimejenga nyumba, zimelipa ada, zimezika wafu kwa heshima, na hakuna anayepaswa kuzitolea maneno. Lakini ndani yake zimo saa za ziada zilizofanywa usiku wa mtihani, na ada za vyuo ambazo hazikulipwa. Muuguzi kamili ana uwezo wa kutuma zaidi kwa saa chache kuliko CNA anayeunganisha shifti mbili. Familia inayompa mtu wake nafasi ya miaka mitatu ya kutuma kidogo itakuwa imefanya hesabu nzuri, hata kwa anayejali fedha peke yake.

Kuna msaada mwingine ambao hauhitaji dola hata moja. Taasisi nyingi za kutathmini vyeti zinataka matokeo na orodha ya alama zitumwe moja kwa moja na chuo au baraza la mitihani, na mtu aliyeko Iowa hawezi kukaa kwenye foleni ya masijala Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu. Aliyeko nyumbani anaweza. Kwa hiyo, msomaji mwenye dada, kaka au shemeji ng'ambo aliyewahi kusoma hapa, akipiga simu Jumapili hii, kabla ya habari za harusi na paa la bibi, muulize ni cheti gani anachodaiwa na yuko muhula wa ngapi. Kisha Jumatatu panda daladala au matatu, nenda na barua yake ya idhini, na usitoke ofisini mpaka uambiwe bahasha inaondoka lini.